Udi wa Mlangoni

Ukija nyumbani kwetu Ibra, Omani, leo, kabla hujavua viatu utakutana na moshi wa udi. Kaka yangu mkubwa anasimama kizingitini na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikakauka, kilemba kichwani, chetezo mkononi, anakufukiza wewe na mkoba wako, na anakwambia kwa Kiingereza kwamba hii ni nyumba yako. Wageni wa Kizungu wanapenda mno. Wanafumba macho, wanavuta pumzi, wanatoa simu wanapiga picha. Mimi nikiuona moshi ule natamani kukipiga teke chetezo na aliyekishika.

Nieleze sababu, maana najua wengine mnaonisoma hamkukulia huku. Kwetu udi ni wa mwisho. Mgeni akija anawekewa kwanza matunda na haluwa, kisha kahawa, na juu ya kahawa anaulizwa habari: shi ulum, shi akhbar, kuna jipya gani? Naye hujibu kwamba hakuna jipya, ni salama tu, hata kama paa la nyumba yake limeanguka jana. Yaliyo moyoni yatatoka baadaye, taratibu. Akitosheka na kahawa anatikisa finjani. Watu wanakaa, wanazungumza, na yakisha yote ndipo mwenye nyumba analeta chetezo. Mgeni anajifukiza ndevu na mikono ya kanzu, anashukuru, anainuka. Hakuna anayemwambia mtu aondoke, udi umeshamwambia.

Sasa ukimfukiza mtu mlangoni, kabla hajaingia, umemwambia nini?

Kaka aliigeuza ada hii baada ya semina ya Nizwa. Lakini kwanza nyumba. Ni ya babu yetu, ya udongo, ya ghorofa mbili, katika mtaa wa zamani ambao wenyewe wengi walikwenda Unguja kutafuta maisha. Wengine walirudi, wengine hawakurudi. Sisi ni watoto wa waliorudi. Mama yetu alizaliwa Unguja mjini, na Kiswahili chake alikileta Omani kama alivyoleta sanduku lake la mninga, na vyote viwili hakukubali mtu avichezee. Kaka alipostaafu serikalini aliikarabati nyumba akaifanya ya wageni. Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia skuli ya wasichana, nikastaafu, nikaingia jikoni na kwenye vyumba, maana mtu ambaye hakuolewa katika ukoo wetu huhesabiwa kuwa hana kazi. Mama alibaki na chumba chake cha chini, kwa nyuma, chenye dirisha linaloangalia mitende. Alikataa katakata kuhamia nyumba mpya ya barabarani yenye kiyoyozi kila kona. Alisema hawezi kulala ndani ya jokofu.

Semina ilikuwa katika ukumbi wa hoteli moja Nizwa. Tulikuwapo wenye nyumba za wageni kutoka Al Hamra, wenye kambi za mchangani kutoka Bidiya, na mzee mmoja mwenye mgahawa Al Kamil aliyelala tangu dua ya kufungua mpaka chakula cha mchana. Mtaalamu alitoka Maskati. Alikuwa kijana mzuri wa uso, ana picha zake za kuonyesha ukutani, na kila sentensi yake ya Kiarabu ilikuwa na neno "mgeni" ndani. Alituambia dunia imebadilika, wasafiri wako wa kila namna, na mji unaotaka kupendwa lazima ujue kumpokea kila mmoja wao.

Bwana mmoja wa Bidiya akanyoosha mkono. Akauliza, "Wakija wanaume wawili, wakataka kitanda kimoja?"

Ukumbi ukacheka kicheko kile cha watu wanaoangalia chini. Mtaalamu hakucheka. Alisema mgeni haulizwi. Mpe chumba, mtabasamie, funga mlango, nenda kalale. Wasafiri wa namna ile, alisema, ni watulivu, wanapenda nyumba za kale, wanakula chakula cha wenyeji bila kununa, na wakiridhika wanaleta rafiki zao. Hakulitaja neno lenyewe hata mara moja. Sheria ya nchi kila mtu anaijua, na yeye aliijua kuliko sisi, ndiyo maana alizunguka kandokando. Lakini hapana ambaye hakufahamu. Hata mzee wa Al Kamil aliamka.

Baadhi ya watu walikasirika kwa kuwa jambo limesemwa. Mimi nilikasirika kwa namna lilivyokuwa jepesi. Kumbe inawezekana! Kumbe mtu anaweza kusimama mbele ya watu na mafinjani yao, akasema waacheni walale, na mbingu isianguke juu ya ngome ya Nizwa. Na hapo hapo, nikiwa bado nalitafakari hilo, kaka yangu akainuka.

"Sisi watu wa Ibra," akasema, "hatumuulizi mgeni. Mgeni ni mgeni. Amekuja na nani, analala vipi, hayo ni yake na Mola wake."

Wakampigia makofi. Mtaalamu alimshika mkono. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya wanawake, kwa nyuma, na mikono yangu ilibaki mapajani.

Maana tunaye ndugu yetu. Kitinda mimba wa mama. Alikwenda kusoma Ureno, akapata kazi, akabaki Lisbon, na huko anaishi na mwanamume mwenziwe. Siku kaka alipopata habari hizo kutoka kwa mtu aliyewaona, alimpigia simu akiwa amesimama katikati ya sebule yetu, na neno alilolianza nalo lilikuwa "hanithi". Kila alilosema baada ya hapo lilikuwa baya kuliko lililotangulia, na la mwisho lilikuwa kwamba asirudi. Mama alikuwa pale, na ungo mapajani, anachagua mchele. Hakuinua uso. Aliendelea kutoa mawe, jiwe moja moja, mpaka kaka alipomaliza. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, aliniita chumbani kwake akanambia, "Hebu nipigie yule mwanangu wa baridi." Akawa anazungumza naye kila Ijumaa tangu siku hiyo, na kaka akijua, na akijitia hamnazo. Wanawake wa Unguja wa rika la mama kuna mengi wasiyoyasema. Wasiyoyajua ni machache.

Tulipokuwa tunarudi kutoka Nizwa, tumeshaipita Izki, nilishindwa kunyamaza.

"Kaka, n'na suali."

"Uliza."

"Yale uliyoyasema ukumbini, na mdogo wetu yamo?"

Macho yake hayakutoka barabarani. "Yule si mgeni."

"Ndo n'nalokwambia. Si mgeni. Ni wa ndani."

"Wa ndani ana adabu zake. Khalas, usin'tie maneno garini."

Nikatiwa kimya kama mtoto, mimi na mvi zangu.

Baada ya hapo kaka akaifuata semina kwa herufi. Akatundika kibao mlangoni cha Kiingereza kinachosema kila mtu anakaribishwa. Akaweka kitanda kikubwa chumba cha juu, chenye mandhari. Na kwa kuwa mtaalamu alisema mgeni aanze kuinusa Omani tangu mlangoni, akaanza kuwasha udi kizingitini. Nilimwambia udi ni wa kumuaga mtu. Akanijibu Mzungu hajui.

"Sisi tunajua," nikamwambia.

"Sisi hatulali kwa kulipa," akasema, na akacheka. Alikuwa ameshaona amesema la maana.

Wa kwanza kuja wa namna ile walikuwa wazee wawili wa Kijerumani, wamevaa viatu vya mlimani, wamechomwa na jua mpaka pua zinawabanduka. Kaka aliwapokea kama maamiri wa jeshi. Aliwapandisha chumba cha juu, akawapelekea zile tende bora za khalasi kwa mkono wake mwenyewe, na asubuhi aliwauliza kama wamelala vizuri. Wamelala vizuri! Nilikuwa jikoni nageuza chapati na nilimsikia. Wale wazee hawana kosa lolote, walikuwa watu wa adabu, na mmoja wao alimsaidia mama kutia uzi katika sindano na kukaa naye kibarazani bila lugha ya pamoja. Siku waliyoondoka kaka aliwakumbatia. Niliibamiza sufuria jikoni mpaka mpini wake ukapinda, na mpaka leo imepinda.

Miaka ikapita, halafu mama akaanza kuugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, macho yaliyokuwa na ukungu yakafunga kabisa. Daktari wa hospitali alizungumza nami pembeni, kwa upole ule ambao ukishausikia unafahamu. Ijumaa hiyo mdogo wangu alitaka kuzungumza na mimi, si na mama.

"Dada, n'nataka kuja kumuona."

"Njoo."

"N'nataka kuja na mwenzangu. Sitaki kuja peke yangu nikajifanya sina mtu duniani. Mama ataniuliza nani ananitazama nikiumwa, nami nitamwambia nini? Nishachoka kumjibu kwa simu. Kama haiwezekani, dada, n'ambie. Sitokuja. Lakini usin'ambie nije nusu."

Hilo ndilo lililokuwapo mezani: mama amshike mwanawe mkono kabla hajafa, na mwanawe aje mzima. Hakuna jingine. Nilikwenda kwa kaka siku ile ile, na safari hii nilimtolea uvivu. Nilimwambia mama anakufa. Nilimwambia juu ya Wajerumani. Nilimwambia juu ya kibao chake mlangoni, na kwamba nitaking'oa nikakitupe jangwani kwa wenye ngamia kama hakina maana. Alinisikiliza mpaka mwisho akichezea tasbihi.

"Aje," akasema. "Nyumba ya wageni iko wazi. Atapokewa kama mgeni mwengine yeyote."

Nikadhani nimeshinda! Mwanamke wa umri wangu, niliyesomesha watoto mpaka watoto wao, nikadhani nimeshinda. Jumatano nikaenda soko la wanawake, lile la kwetu Ibra ambalo mwanamume haingii, nikanunua liwa na mrihani wa chumbani kwa mama. Wauzaji wananijua. Wakaniuliza kwa Kiarabu namngojea nani, mbona nimenunua kama mwenye harusi. Nikawajibu, "Mgeni." Neno lenyewe lilinichoma ulimi, lakini ndilo tuliloafikiana.

Siku waliyofika nilipika pilau, na nguru niliyeagiza Sur asubuhi. Nilitengeneza mkate wa kumimina kwa sababu yeye alikuwa akiuiba ukiwa bado wa moto. Dele la kahawa lilikuwa tayari, mafinjani yamepangwa chumbani kwa mama, haluwa imefunikwa. Mama nilimvisha kanga mpya na nikamkalisha kitako kwa mito. Aliuliza mara tatu kama gari limefika.

Gari lilipofika nilikuwa uwanjani. Mdogo wangu aliteremka amevaa kanzu, na kofia ile aliyoshonewa na mama siku anasafiri, imeshapoteza rangi. Mwenzake alikuwa mrefu, kichwa hakina nywele, amefunga vifungo vyote vya shati mpaka shingoni katika jua lile kwa kuwa ameambiwa aje kwa heshima. Alishika kikasha cha biskuti kwa mikono miwili. Nikawa nawaendea.

Kaka akanitangulia. Alitoka kizingitini na chetezo, moshi unapanda, akakinyoosha mbele ya kifua cha ndugu yake wa tumbo moja, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ile ile ya kila siku, kwamba hii ni nyumba yao.

Yule mgeni wa Ulaya alifurahi. Aliinama juu ya moshi, akaunusa, akashukuru kwa moyo wake wote. Angejuaje? Mdogo wangu yeye alisimama. Nilimuona usoni jambo limeingia na kukaa. Halafu akafanya kama alivyotufundisha baba. Akajifukiza mkono wa kanzu wa kulia, akajifukiza wa kushoto, akaupitisha moshi chini ya kidevu. Akamwambia kaka kwa Kiarabu, "Akramakum Allah," neno la mgeni aliyekwisha kukirimiwa na sasa anakwenda zake. Akamshika mwenzake kiwiko, taratibu, akamgeuza kuelekea garini.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele! Nilimkasirikia yeye pia wakati ule, kwa adabu yake, kwa kukubali kufukuzwa vizuri. Mwenzake alikuwa anamtazama yeye, anamtazama kaka, kikasha bado mikononi, anatafuta kosa alilolifanya.

Ndipo mama akasema kutoka chumbani kwake, moshi ulishapita ukumbini ukamfikia. Macho hakuwa nayo tena, lakini pua ilikuwa nzima.

"Nani anaondoka?"

Kaka akakishusha chetezo.

"N'nasema nani anaondoka, na mafinjani sijayasikia?"

Nikampokonya kaka chetezo. Kilikuwa cha moto na kiliniunguza kidole gumba, alama ninayo. Nikenda nacho mpaka kwenye mfereji wa falaji unaopita ubavuni mwa nyumba nikakipindua chote, makaa na udi wake wa bei, na maji yakalia.

"Hapana anayeondoka, mama," nikasema kwa sauti. "Kuna watu wanaingia."

Nikawashika mikono wote wawili nikawapitisha mbele ya kaka. Hakutuzuia. Alibaki pale mlangoni na kilemba chake, mikono mitupu, kama mtu aliyeibiwa.

Chumbani mdogo wangu alipiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Mama alimpapasa uso wote, paji, masikio, kovu la kidevuni alilolipata kwenye ngazi ya nyumba hii hii. "Umekonda. Huko hawali?" Halafu akauelekeza uso wake mlangoni, alikosimama yule mwengine. "Na huyu aliyesimama, akae. Mtu hasimami chumbani kwangu."

Nikamimina kahawa. Mama alingoja mpaka aliposikia finjani la yule mtu limerudi kwenye sinia, halafu akamuuliza yeye, si mwanawe: "Shi ulum?"

Nikafungua mdomo nifasiri. Kabla sijafasiri, yule bwana wa Lisbon akajibu kwa Kiarabu chetu cha bara, kibaya, kila herufi imekaa vibaya, lakini chenyewe, kwamba hakuna jipya: "La, ma shi ulum. Salama."

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Nani kamfunza?"

"Mimi, mama," mdogo wangu akasema. "Kila nikirudi kazini ananiuliza."

Mama akatafuta mkono wa mwanawe juu ya shuka akaupata.

"Basi unaye wa kukuuliza," akasema. Na baadaye kidogo: "Mtu wa wapi?"

"Mreno, mama."

"Mreno! Si tuliwafukuza hawa?" Akavuta pumzi. "Haya, huyu mpe haluwa."

Walikaa wakati wote uliobaki wa siku ile. Yule Mreno, ambaye kumbe ni mwalimu wa hesabu, alikula kila nilichompa. Mama alilala akiwa ameushika mkono wa mwanawe, na mwanawe hakuutoa hata ulipomfa ganzi.

Mimi nikatoka kumtafuta kaka. Nilimkuta uani, anaosha chetezo.

"Umefanya makusudi," nikamwambia.

"Nimefanya nini? Si tuliafikiana apokewe kama wageni? Wageni wote n'nawapokea hivi."

"Umemfukuza mtoto wa mama mlangoni kwa mama."

Alinitazama, na nilimuona anafikiri, nilimuona kwa macho yangu anarudi nyuma kichwani kutafuta. "Wallahi nilisahau," akasema. "Mkono umezowea."

Nimekaa na jibu hilo tangu siku ile na sijalipatia pa kuliweka. Kama alifanya makusudi, ni mtu mbaya, na mtu mbaya namuweza. Lakini kama ni kweli alisahau? Kama amesimama mlangoni kwa wageni miaka na miaka mpaka hajui tena kumpokea wake, basi ameuza kitu ambacho si chake peke yake. Kilikuwa changu pia, na cha mama, na cha yule aliyesimama kwenye jua na kofia iliyochujuka. Wanatufundisha kumkaribisha kila mtu, na mimi nasema sawa, karibuni, kila mtu na wake, kitanda kikubwa kipo juu. Lakini kibao kimetundikwa kwa lugha ambayo mama haisomi, na kinatazama nje. Kwa ndani hakina maandishi.

Asubuhi yake ikawa mbaya zaidi. Kaka aliwachukua kuwatembeza nyumba. Alimuonyesha mdogo wangu kisima tulichokuwa tukitekea pamoja. Alimweleza, kwa Kiingereza, kwamba katika chumba hiki tende zilirundikwa magunia juu ya magunia mpaka asali yake ikatiririka kwenye vijia vya sakafuni. Mdogo wangu alipigwa na baba kwa kulamba asali ya vijia vile, na aliyemsemea kwa baba ni kaka. Mdogo wangu alisikiliza yote, mikono nyuma. Akauliza hata suali moja, kwa Kiingereza, kuhusu unene wa kuta. Nilikuwa nyuma yao na taulo za vyumbani na nilitaka kuwatupia wote wawili.

Siku ya kuondoka mama aliagiza kahawa inywewe chumbani kwake. Kaka alikuja. Nampa haki yake: alikuja, akakaa, akanywa, akamuuliza ndugu yake shi ulum, akajibiwa ma shi. Hawakutazamana lakini walisema. Na mafinjani yalipokwisha kutikiswa, kaka akatoka, akarudi na chetezo. Safari hii kwa wakati wake, kama ipasavyo, makaa mekundu, udi mzuri kuliko ule wa mlangoni. Nadhani ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba radhi, kwa kuwa neno lenyewe halimtoki mdomoni.

Mama akanusa.

"Rudisha."

"Mama, wanasafiri. Watachelewa ndege."

"Na wasafiri. Udi usiwashwe humu." Alizungumza kwa pumzi chache, kwa hiyo maneno yalikuja moja moja. "Umemfukiza siku aliyokuja. Basi imetosha. Mimi sijamuaga mtu."

Kaka alisimama na moshi wake, halafu akatoka nao. Mdogo wangu alimbusu mama mkono na kichwa. Yule Mreno naye akainama, na mama akampapasa kichwa kisicho nywele akashangaa, akasema maskini. Wakaenda bila kufukizwa, nguo zao zinanuka pilau.

Mama hakukaa sana baada ya hapo. Tangu siku ile mpaka anafariki hapakuwashwa udi chumbani kwake, hata shangazi zetu walipokuja kumzuru na kunung'unika kwamba chumba cha mgonjwa kinanuka dawa. Alikuwa akiwajibu kwamba mwanawe yumo. Wao walidhani akili imemruka.

Mwaka huu mtaalamu wa Maskati amepita tena. Amependa kazi ya kaka, amempiga picha kizingitini. Amemshauri chumba cha chini, kile cha nyuma chenye dirisha la mitende, kifanywe chumba cha wageni wawili wanaotaka utulivu wao, pembeni, mlango wake peke yake. Wasafiri wa namna ile watakipenda, alisema. Kaka akaja kuniomba ufunguo. Aliniomba kwa upole, nakiri, na alikuwa na karatasi ya vipimo vya kitanda mkononi.

Nikamwambia siutoi. Akaniuliza kwa nini, chumba kitupu, mama ameshatangulia, na wageni nimekuwa nikiwatetea mimi mwenyewe. Nikamwambia chumba si kitupu. Kuna mtu wa nyumba hii humo, kaingia kwa kahawa na hajaagwa kwa udi, na wewe ndiye mkubwa wake. Mpigie simu, umwambie arudi na mwenzake. Akifika, udi uuache kabatini, ukae naye chini, umuulize shi ulum, na safari hii akikujibu ma shi usiinuke. Kaa mpaka akwambie.

Aliikunja karatasi yake ya vipimo. Halafu kengele ya mlangoni ikalia, wageni wamefika, akaenda kuwasha makaa.